Mota inalia lakini kiti hakisogei: kiti cha umeme cha Cadillac ya 1972

SWALI: Nina Cadillac Coupe DeVille ya 1972 hapa Muscat. Kiti cha mbele ni kile kirefu cha umeme kinachokwenda pande sita. Nikibonyeza swichi kiende mbele au nyuma, mota inalia lakini kiti hakiendi popote. Nikikipandisha, kona tatu zinapanda, ya mbele kulia inabaki chini na kiti kinakaa mshazari. Halafu zipo siku kinanyamaza kabisa, hata mlio hakitoi, kesho yake kinafufuka. Fundi anasema mota imekufa, niagize nyingine Marekani. Niagize?

JIBU: Usiagize. Mota inayolia na kunyanyua kona tatu za kiti kizito kama hicho haijafa. Una hitilafu tatu tofauti zilizokutana kwenye kiti kimoja, na hakuna hata moja kati yake ambayo mota mpya itaiponya, labda ile ya tatu, nayo kwa bahati tu.

Kwanza uelewe mtambo wenyewe, kwa sababu ukishauelewa utaweza kutafuta ubovu kwa masikio kabla hujashika spana. Magari mengi ya siku hizi yana mota moja kwa kila mwendo wa kiti. Hiki cha GM (General Motors, watengenezaji wa Cadillac) cha miaka ile hakiko hivyo. Kina mota moja tu, inayozunguka kulia au kushoto, imeunganishwa na giaboksi ndogo kwa kipande cha mpira. Ndani ya giaboksi kuna gia tatu, na kila gia ina solenoidi yake, yaani sumaku ya umeme inayovuta pini: moja ya mbele na nyuma, ya pili ya kupandisha na kushusha sehemu ya mbele, ya tatu ya kupandisha na kushusha sehemu ya nyuma. Kila gia inatoa kebo mbili za kuzunguka, moja inakwenda reli ya kushoto na nyingine ya kulia, kwa hiyo kebo ni sita. Unapobonyeza swichi, mambo mawili hutokea pamoja: mota inazunguka, na solenoidi ya mwendo ulioutaka inavuta pini yake na kuishika gia. Ukikipandisha kiti kizima, solenoidi mbili za wima zinavuta kwa mpigo. Ukiachia, springi zinairudisha pini na gia inabaki huru.

Sasa soma dalili zako. Mota inasikika katika kila mwendo, maana yake umeme unaifikia. Kiti kinapanda, maana yake kile kipande cha mpira kati ya mota na giaboksi kinashika. Kingekuwa kimekatika, mota ingelia na hakuna kona hata moja ambayo ingesogea. Kwa hiyo kwenye mwendo wa mbele na nyuma, lililobaki ni kitu kinachouhusu mwendo huo peke yake: solenoidi yake, waya wake, mguso wake ndani ya swichi, au pini na gia yake. Kebo mbili za mwendo huo kukatika kwa pamoja ni jambo la nadra.

Sikiliza mlio. Mota inayozunguka bure hutoa mlio mwepesi, wa juu, usiobadilika. Mota inayosukuma kitu kilichokwama inaguna, na taa ya ndani ya gari inafifia. Kwako, ukibonyeza kwenda mbele ukasikia mlio mwepesi, gia haikushikwa. Ukisikia kuguna, gia imeshikwa ila reli imekwama. Hapo acha swichi mara moja na ulichunguze reli. Sarafu, kalamu na mchanga ulioshikamana na grisi ya zamani ndivyo huonekana zaidi humo. Mlio wa kukwaruza, krrr, maana yake meno ya pini yamelika na yanateleza juu ya gia.

Tafuta mtu akubonyezee swichi, wewe ulale chini na tochi uweke kidole juu ya solenoidi moja moja. Mota isikuvuruge: solenoidi nzima inagonga, ta!, na unaisikia kidoleni kila swichi inapobonyezwa. Ile ya mbele na nyuma ikikaa kimya, chukua taa ya kupimia, hasi kwenye bodi iliyosafishwa, ncha kwenye waya wa solenoidi hiyo. Taa ikiwaka swichi inapobonyezwa lakini solenoidi haigongi, ubovu uko kwenye solenoidi: koili imeungua, au pini imeganda kwenye grisi. Taa isipowaka, panda juu kwenye plagi ya swichi.

Kuna jaribio moja linaokoa muda mwingi. Chukua waya wenye fyuzi ya ampea 10, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande wa pili kwenye waya wa solenoidi ya mbele na nyuma, baada ya kuuchomoa kwenye plagi yake. Ushikilie hapo mpaka isikike ta!, kisha mwambie mwenzako abonyeze swichi ya kupandisha. Mota itazunguka kwa ajili ya kupandisha, lakini kwa kuwa gia ya mbele na nyuma nayo umeishika, kiti kitateleza huku kikipanda. Kikiteleza, umemaliza kazi ya kutafuta: kuanzia solenoidi mpaka reli kila kitu ni kizima, ubovu ni swichi au waya wake. Utaratibu ni huo huo, solenoidi kwanza, mota baadaye. Ukiilazimisha pini kuingia kwenye gia inayozunguka, unayala meno.

Solenoidi hizo zina waya mmoja, hasi yake inapita kwenye bodi ya giaboksi. Ukiitoa giaboksi nje na kuipimia mezani, usisahau kuunganisha bodi yake na hasi, la sivyo utatupa solenoidi tatu nzima. Kuhusu ohimu (kipimo cha ukinzani wa koili), usitafute namba ya kitabuni. Pima zote tatu. Zinatakiwa zikaribiane, na ile inayojitenga, iwe haipitishi kabisa au iko karibu na sifuri, ndiyo mbovu.

Ikiwa koili ni nzima na pini imeganda, hilo ndilo ninalolitarajia kwa gari lililokaa kwenye joto la Ghuba. Grisi ya kiwandani baada ya miaka hii yote inakuwa nta ngumu. Fungua giaboksi juu ya kitambaa cheupe, piga picha kila hatua, kwa sababu kuna springi na gia zinazofanana lakini hazibadilishani nafasi. Safisha sehemu za chuma kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye meno ya gia. Pini ya solenoidi yenyewe ipate utando mwembamba tu. Watu huijaza grisi kwa nia njema, na baada ya miaka michache inaganda tena palepale. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu zisifike kwenye koili wala kwenye kile kipande cha mpira.

Maadam giaboksi iko nje, utazame mpira huo. Uliokauka una nyufa na unamomonyoka ukiukwaruza kwa ukucha. Kazi yake si kuunganisha tu: kiti kinapofika mwisho wa reli, kebo zinasimama ghafla na mpira ndio unaomeza ule mshtuko. Ndiyo maana kuendelea kubonyeza swichi kiti kikiwa kimeshafika mwisho kunaufupishia maisha. Kipande cha mpaipu wa mpira wenye nyuzi ndani, wa kipenyo kinachobana, kinaweza kukusaidia ukisubiri wa asili, lakini usikifanye cha kudumu.

Tuje kwenye kona ya mbele kulia. Hapa mantiki inakusaidia kuliko vipimo. Kebo ya mbele kulia na ya mbele kushoto zinazungushwa na gia moja. Laiti mtambo unaonyanyua kona ya kulia ungekuwa umekwama na kebo yake ni nzima, gia isingezunguka, na kona ya kushoto nayo ingebaki chini. Ya kushoto inapanda, kwa hiyo kebo ya kulia imekatika, imechomoka au inateleza kwenye ncha yake. Ishike kebo hiyo kwa juu ya ganda lake wakati mwenzako anapandisha sehemu ya mbele peke yake. Ukiisikia inatetemeka, inazunguka, na tatizo liko upande wa reli: ncha yake ya mraba imekuwa mviringo, au imetoka kwenye tundu lake. Ikitulia kimya, tatizo liko upande wa giaboksi au imekatikia ndani.

Usifurahi mapema ukaweka kebo mpya na kufunga. Jiulize kwa nini iliyokuwepo ilikatika. Mara nyingi ni kwamba mtambo wa kona hiyo uliganda kwanza, kebo ikalazimishwa mpaka ikashindwa. Ukiweka mpya juu ya mtambo ulioganda, nayo itafuata. Kabla ya kuiunganisha, chukua kipande cha kebo ya zamani chenye ncha nzuri ya mraba, kama urefu wa kidole, kifunge kwenye drili ya betri, mwendo wa chini kabisa, uzungushe mtambo wa kona hiyo. Unatakiwa upande na kushuka wote bila kuguna. Ukigoma, usiongeze kasi. Rudi ukausafishe na kuupaka grisi kwenye uzi wa skrubu yake na maungio yake yote.

Njia hiyo hiyo ya drili ndiyo itakayokusaidia kukitoa kiti chenyewe. Bolti za mbele za reli zinafikika vizuri kiti kikiwa nyuma, na za nyuma kikiwa mbele, na chako hakisogei. Kama solenoidi imekubali umeme wa moja kwa moja kama nilivyoeleza, kisogeze kwa namna hiyo. Kama imekataa, chomoa kebo mbili za mbele na nyuma kwenye reli, uzungushe upande mmoja kidogo, kisha upande wa pili kidogo, kwa zamu. Ukiupeleka upande mmoja mbali, kiti kitajibana kwenye reli na utapinda kitu. Andaa spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya bolti. Kabla ya kukinyanyua, toa hasi ya betri, chomoa plagi ya umeme wa kiti na nyaya za kengele ya mkanda, funika kizingiti cha mlango kwa blanketi, na muwe watu wawili. Kiti hicho kikiwa na reli, mota na giaboksi yake si mzigo wa mtu mmoja.

Kebo zote sita zifunge utepe na uandike kabla ya kuchomoa hata moja. Ukizichanganya hutaharibu kitu papo hapo, ila utabonyeza mbele kiti kikapanda upande mmoja.

Hitilafu ya tatu, ile ya kunyamaza siku nzima, ndiyo iliyomdanganya fundi wako, na ndiyo inayodai subira. Siku kikizima, usikimbilie mota. Bonyeza swichi na usikilize kama kuna solenoidi inayogonga. Zikigonga na mota ikanyamaza, umeme upo na hasi ipo kwenye giaboksi. Wanaobaki ni relei ya mota (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyofungwa chini ya kiti, nyaya zake, na mota yenyewe. Igonge mota kidogo kwa mpini wa bisibisi huku swichi imebonyezwa. Ikiamka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimelika au zimekwama, na hapo inafunguliwa, inasafishwa na kubadilishwa kaboni. Hata hapo hainunuliwi nyingine.

Zisipogonga pia, tafuta umeme mkuu au hasi. Anzia kwenye sakiti breka iliyo kwenye boksi la fyuzi. Hii si fyuzi inayoungua. Ni kisanduku kidogo cha bati ambacho ndani yake kuna chuma kinachopinda kwa joto na kukata umeme, kikipoa kinaunga tena. Ikizeeka inakata hata kwa mzigo wa kawaida, hasa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Katika magari mengi ya GM ya miaka hiyo umeme wa kiti na wa madirisha unatoka kwenye breka moja, kwa hiyo siku kiti kikinyamaza jaribu na madirisha. Vikizima vyote, mshukiwa wa kwanza ni breka au waya unaoilisha. Ibadilishe kwa yenye ampea zile zile zilizoandikwa juu yake, na iwe ya aina hiyo hiyo ya kujirudisha. Kuweka kubwa zaidi ili isikate ni kuuchoma waya ulio chini ya zulia.

Madirisha yakifanya kazi na kiti kimenyamaza, nenda kwenye plagi iliyo chini ya kiti. Waya hizo zimekuwa zikikunjwa kila kiti kinaposogea tangu 1972. Zikunje kwa mkono, kidogo kidogo, taa ya kupimia ikiwa imeunganishwa. Ikiwaka na kuzima umepata. Tazama pia mahali zinapopita karibu na reli, kwani zikichubuka hapo zinagusa chuma na breka inakata, kisha kiti kinasogea kidogo, mguso unaachia, na wewe unaona kama kimejiponya.

Hasi usiipime kwa kuitazama. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye bodi ya mota, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzako abonyeze swichi. Mota ikifanya kazi, isizidi nusu volti. Ikisoma volti moja, mbili au zaidi, umeme unapotelea njiani: fungua bolti ya waya wa hasi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu yake. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo, kutoka chanya ya betri mpaka kwenye waya unaoingia mota. Betri yenyewe iwe na volti 12.6 au karibu yake gari likiwa limezimwa. Chini ya 12.2 ichaji kwanza, vinginevyo kila kipimo kitakudanganya.

Tahadhari moja kwa fundi wako ikiwa amezoea magari ya Kijapani. Mota za kisasa zina waya mbili, ukitaka igeuke unabadilisha chanya na hasi. Hii yako si hivyo. Ina koili mbili ndani, moja kwa kila upande wa kuzunguka, kila moja na waya wake wa chanya, na hasi ni bodi. Kuupa waya mmojawapo hasi ili kuijaribu ni kutengeneza shoti. Hilo pia linakupa dalili moja: kiti kinachokwenda upande mmoja tu katika miendo yote mitatu, kwa mfano kinapanda lakini hakishuki na kinakwenda mbele lakini hakirudi, solenoidi hazina kosa. Tafuta koili ya upande huo, mguso wa relei, au swichi.

Swichi yenyewe inafunguka. Ndani kuna vipande vya shaba vinavyotelezeana, na masizi meusi juu yake ndiyo yanayozuia umeme wa mwendo mmoja huku mingine ikifanya kazi. Msasa laini kabisa, namba 1000 au zaidi, kisha dawa ya kusafishia miguso ya umeme. Shaba ikiwa imelika mpaka ina shimo, usiihangaikie.

Ukishafunga kila kitu, kuna kazi ambayo wengi huiruka: kuzioanisha reli mbili. Kona uliyoitengeneza ilibaki chini wakati mwenzake akipanda, kwa hiyo hata kebo ikiwa mpya kiti kitaendelea kukaa mshazari. Pandisha sehemu ya mbele mpaka upande mmoja ufike mwisho. Chomoa kebo ya upande huo uliofika, endelea kubonyeza mpaka na wa pili ufike mwisho wake, kisha rudisha kebo. Fanya vivyo hivyo kwa mbele na nyuma: kipeleke mbele kabisa, upande uliotangulia uchomolewe kebo, wa pili ufikishwe, uunganishwe. Halafu peleka kiti mwisho hadi mwisho mara tatu nne, ukiachia swichi kila kinapofika, na uangalie kama pande zote zinafika pamoja.

Kuhusu vipuri: giaboksi, mota na solenoidi za namna hii hazikuwa za Cadillac peke yake. GM iliweka mitambo inayofanana sana kwenye Buick, Oldsmobile, Pontiac na Chevrolet kubwa za wakati huo, na Ghuba haikuwahi kukosa Chevrolet kubwa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza ng'ambo, zungukia wauza magari yaliyokufa ukiwa na picha ya giaboksi yako na kebo yako mkononi. Linganisha urefu wa kebo, umbo la ncha zake, matundu ya kufungia na idadi ya nyaya kwenye plagi. Urefu wa kebo ndio unaokosana mara nyingi, kwa sababu kiti kirefu na kiti kilichogawanywa mara mbili havina umbali sawa kati ya giaboksi na reli. Solenoidi na mpira, ukikuta giaboksi yenye umbo moja na yako, chukua solenoidi zote tatu na mpira wake kwa pamoja. Ipe kila solenoidi volti 12 palepale kabla hujalipa, na isikike ta! kabla pesa haijatoka mfukoni.